Pedeli ya Gia Inapocheza: Kwa Nini Pikipiki za Safari Ndefu Hulegea, na Uanzie Wapi

Pikipiki kubwa za safari, zile zenye mabegi ya pembeni na kioo cha kukinga upepo, zina ugonjwa mmoja ambao wenyewe huuvumilia miaka na miaka: pedeli ya gia inacheza. Unaikanyaga, inashuka kidogo bila kufanya kazi yoyote, ndipo gia inaingia. Wengi huzoea, wakaamini kwamba Harley ndivyo zilivyo. Sivyo. Mlegeo ule una chanzo kinachoonekana kwa macho, na ukipuuzwa hushuka mpaka ndani ya giaboksi, ambako kila kifaa ni ghali.

Nawaandikia hasa ndugu zangu tunaoendesha huku Marekani na Kanada, ambako Harley ya safari kama Road King au Electra Glide iliyokwisha kutumika hupatikana kwa bei ya kuvumilika, lakini fundi hutoza kwa saa. Ukielewa mfumo huu, kazi kubwa ya uchunguzi utaifanya mwenyewe kwenye gereji yako, kwa tochi na kalamu ya rangi.

Viungo vingi vimetoka wapi?

Kwenye bodaboda nyingi za nyumbani pedeli hubanwa moja kwa moja kwenye shafti inayotoka giaboksi. Mguu uko hapa, giaboksi iko hapa, kiungo ni kimoja. Pikipiki ya safari haiwezi kujengwa hivyo. Mwendeshaji anakaa saa nyingi, kwa hiyo miguu yake imesogezwa mbele na kuwekewa ubao wa kukanyagia. Giaboksi ya Harley kubwa iko nyuma ya injini. Umbali huo lazima uzibwe na kitu, na kitu chenyewe ni rodi yenye kiungo kila mwisho.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Harley za zamani zilibadilishwa gia kwa mkono, leva ikiwa kando ya tangi la mafuta na klachi ikiwa mguuni. Modeli kubwa zilipata gia ya mguu mwaka 1952, ingawa leva ya mkono iliendelea kuagizwa kwa miaka mingi baadaye, hasa kwa ajili ya polisi. Kisha ikaja kanuni ya serikali ya Marekani iliyotaka pikipiki, kuanzia modeli za 1975, ziwe na gia mguu wa kushoto. Viwanda vilivyokuwa vimeweka gia kulia vikabanwa. Harley Sportster za 1975 na 1976 zilipewa rodi na shafti ya kuvusha mwendo kutoka kushoto hadi kulia, mpaka injini iliposanifiwa upya mwaka 1977. Norton Commando Mk3 ya Uingereza nayo ikawekewa shafti ya kuvuka upande mwaka huohuo wa 1975.

Kadiri mguu ulivyosogezwa mbali na giaboksi, viungo viliongezeka, na kila kiungo ni mahali pa kulegea. Kimoja kikicheza kidogo hutaona tofauti. Vikicheza vinne kidogokidogo, jumla yake ndiyo unayoisikia kwenye kiatu.

Sehemu nne zinazolika

Ya kwanza ni meno ya pedeli. Shafti imechongwa meno madogo kuizunguka, na pedeli ina tundu lenye meno ya kuyapokea pamoja na mkato unaobanwa na bolti. Bolti ikilegea, hata kwa kiasi kidogo tu, pedeli hutikisika juu ya shafti, chuma kinasaga chuma, meno yanakuwa butu. Ikifika hapo, kukaza bolti ni kujifariji. Hakuna tena kinachoshikwa.

Kwenye Harley za safari meno haya huteseka zaidi kwa sababu pedeli ina pande mbili, ya vidole mbele na ya kisigino nyuma. Gia ya kwanza huingizwa kwa kukanyaga mbele. Za juu unaweza kuzipandisha kwa kukanyaga nyuma bila kuingiza kiatu chini ya pedeli. Ni raha kweli, lakini kisigino huja na uzito wa mguu mzima ndani ya buti. Anayebamiza kisigino kila gia anaipa ile bolti kipigo ambacho vidole visingeweza kukitoa.

Ya pili ni bushi za shafti ya pedeli. Shafti hiyo hupita kwenye tundu lililo katika kesi ya cheni ya praimari, upande wa kushoto wa injini. Bushi zikiisha, pedeli huning'inia, huyumba ndani na nje, na pengine hugusa ubao wa kukanyagia kabla mwendo haujakamilika.

Ya tatu ni boljointi mbili za rodi. Maji na vumbi huzila, na kwa sisi tunaoishi kwenye baridi kuna adui mwingine: chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Pikipiki ikitolewa mapema wakati wa masika, chumvi ile bado ipo lamini, na boljointi kavu hushika kutu upesi.

Ya nne ni mkono wa giaboksi, ule unaopokea rodi upande wa nyuma. Nao umebanwa kwa bolti juu ya shafti yenye meno, kwa hiyo hufa kifo kilekile cha pedeli. Tofauti ni kwamba meno ya pedeli yakiisha unanunua pedeli, lakini meno ya shafti ya giaboksi yakiisha, giaboksi inafunguliwa.

Mlegeo unavyofika ndani

Ndani ya giaboksi gia zimeshikana muda wote. Kinachoamua ipi ifanye kazi ni vibonye vya chuma vilivyo ubavuni mwa gia, vinavyosukumwa na uma hadi vizame kwenye nafasi za gia jirani. Vinahitaji mwendo kamili. Sehemu ya mwendo wa mguu wako ikipotelea kwenye viungo vilivyolegea, vibonye vinaweza kuingia nusu. Nguvu ya injini ikija, kona zake hupigwa mpaka zinakuwa duara, kisha huanza kuteleza. Hapo ndipo gia huruka ukiwa unapandisha mlima, au ukajikuta kwenye nyutro isiyokuwepo kati ya gia mbili huku lori likiwa nyuma yako. Bushi ya bei ndogo imekuletea kazi ya giaboksi.

Pima kutoka mguuni kwenda ndani

Zima injini, simamisha pikipiki wima kwenye stendi imara, kisha piga mstari wa kalamu ya rangi unaovuka kutoka pedeli hadi kwenye shafti yake, na mwingine kutoka mkono wa giaboksi hadi kwenye shafti yake. Mtu mmoja asukume pedeli taratibu kwa mkono, mwingine amulike na kutazama.

Mstari wa mbele ukikatika, yaani pedeli inasogea na shafti imetulia, tatizo ni meno au bolti ya pedeli. Shafti ikisogea pamoja na pedeli lakini rodi ikachelewa, angalia boljointi ya mbele. Rodi ikienda lakini mkono wa giaboksi ukachelewa, ni boljointi ya nyuma. Mkono ukisogea peke yake juu ya shafti yake, acha kuendesha hadi utengeneze. Mwisho shika pedeli uivute ndani na nje: ikiyumba, bushi zimeisha.

Usichanganye dalili hizi na za klachi. Nyutro ngumu kupatikana ukiwa umesimama, au pikipiki kutaka kutambaa huku klachi imebanwa, mara nyingi ni marekebisho ya klachi. Rodi mpya haitasaidia hapo.

Kinachotengeneza na kinachoficha

Kosa linalofanyika sana ni kurefusha rodi ili pedeli ikae juu zaidi, ukidhani umeondoa mlegeo. Urefu wa rodi hupanga mahali pedeli inapokaa. Hauondoi mchezo hata chembe. Tena ukiirefusha kupita kiasi, thredi zinazobaki ndani ya ncha huwa chache, na rodi inaweza kuchomoka safarini. Vilevile rodi na mkono wa giaboksi vinapaswa kukaribia pembe mraba. Pembe ikiharibika, mwendo wa mguu hupungua kabla ya kufika ndani.

Kama meno bado ni mazima, safisha mafuta kwenye shafti na bolti, tia ile gundi ya buluu ya kuzuia bolti isilegee, kisha kaza kwa spana yenye kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako. Boljointi na bushi zilizoisha hazitengenezwi, hubadilishwa. Kuna hata vifaa vya kampuni nyingine vinavyoweka bearingi mahali pa bushi ya kawaida. Kipande cha kopo la soda kilichosokomezwa kati ya meno kitakufikisha nyumbani. Kikikaa wiki mbili, kinaendelea kumaliza meno yaliyosalia.

Kuchomelea ndiyo dawa tuliyoizoea nyumbani. Pedeli ya bodaboda ikilegea, fundi anapiga weldi na abiria anaondoka. Nieleweke: kwa mtu ambaye mkate wake wa leo unategemea pikipiki, uamuzi ule una akili yake. Lakini kwenye pikipiki ya safari, joto la weldi linaweza kuunguza sili iliyo karibu, na siku kesi itakapohitaji kufunguliwa, pedeli haitoki bila kukatwa.

Honda Gold Wing ya 2018, ile yenye klachi mbili zinazojiendesha, imemaliza suala hili kwa kuondoa kazi ya mguu kabisa: gia saba hubadilishwa na mfumo wa umeme au kwa vitufe vya mkononi. Wengi wetu hatuna hiyo. Tuna rodi, boljointi na bolti zinazohitaji kukaguliwa kila msimu, kazi isiyozidi nusu saa. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujapanga safari ya kiangazi, piga ile mistari miwili ya rangi. Ikikatika, nunua kifaa kilichoisha, na uache urefu wa rodi ulivyo.