Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Wazee walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Chawa wa nguoni ndiye huyo hasa: hunywa damu ya mtu, na pengine humwachia maradhi ya kumwua.

Huyu si chawa wa kichwani. Hukaa katika mishono ya nguo, hutaga mayai humo, na huja mwilini kula tu. Sisi tukaao Karatu na ukingoni mwa Ngorongoro twaijua baridi ya huku: nguo nzito hazivuliwi, na watoto hulala watatu katika blanketi moja. Chawa akiingia hapo, amepata makao.

Daktari Mfaransa Charles Nicolle, alipokuwa Tunis, aliona kwamba wagonjwa wa taifasi waliwaambukiza watu wa nyumbani kwao, hata watumishi waliopokea nguo zao mlangoni mwa hospitali. Lakini wakiisha kuogeshwa na kuvikwa nguo safi, hawakumwambukiza mtu tena. Mwaka 1909 akathibitisha, kwa kuwajaribu kima, kuwa mchukuzi ni chawa.

Wala si habari za kale tu. Katika Burundi, jirani yetu, taifasi ilizuka gerezani mwaka 1995, wakati wa vita. Kufika 1997 ilikuwa imeenea katika kambi za watu waliokimbia makwao, ikawashika makumi ya maelfu.

Je, maradhi huingiaje? Vijidudu vya taifasi vimo katika mavi ya chawa. Mtu ajikunapo, huvisugua ndani ya mikwaruzo. Iko na homa nyingine ya kurudiarudia, ndugu ya homa ya papasi. Vijidudu vyake hutoka chawa apondwapo. Basi, usimponde kwa kucha.

Chemsheni nguo na matandiko, au pigeni pasi ya moto sana juu ya mishono. Nyumba nzima ifanye siku moja, la sivyo chawa wa mmoja watawarudia wote. Mtu akishikwa na homa kali, kichwa kikamwuma na vipele vikamtoka, apelekwe hospitali upesi. Dawa ya doksisaiklini huponya taifasi, ikiachwa, huua.

Kupata chawa si aibu, bali kuwaficha ni hatari kwa jirani. Leo usiku, kabla ya kulala, mulikeni taa mishono ya blanketi.