Katuni za Senti Kumi na Watu Waliozitunza

Novemba 2025, jijini Dallas, Texas, kitabu kimoja cha katuni kiliuzwa mnadani kwa dola za Marekani milioni 9.12. Kilikuwa Superman namba 1, kilichochapishwa mwaka 1939 na kuuzwa kwa senti 10 kwenye vibanda vya magazeti. Hadi siku hiyo hakuna kitabu cha katuni kilichokuwa kimefikia bei hiyo. Ndugu watatu walikuwa wamekikuta mwaka uliotangulia darini mwa nyumba ya marehemu mama yao, kaskazini mwa California, ndani ya boksi lililofunikwa na rundo la magazeti ya zamani. Mama huyo aliwahi kuwaambia wanawe kwamba ana katuni za thamani, lakini hakuwahi kuwaonyesha.

Habari kama hii ikitoka, watu hukimbilia makabati na masanduku ya zamani, na wengi huambulia patupu. Hudhani kwamba karatasi ikishakuwa nzee basi ni mali. Umri peke yake hauleti bei. Soko la katuni za kale lina kanuni zake, na anayezifuatilia hadi kwenye mzizi hukuta jambo linalostahili kusemwa waziwazi: mikusanyo iliyokuja kuwa na thamani kubwa iliwekwa na watu waliozipenda au kuzihitaji katuni zenyewe, wakati hakuna aliyewaza kwamba siku moja zitauzwa kwa mamilioni.

Pale shujaa alipoanzia

Kanuni ya kwanza ni mwanzo. Wakusanyaji hutafuta toleo ambalo mhusika alionekana kwa mara ya kwanza, na linalotajwa kabla ya mengine yote ni Action Comics namba 1, lililoingia mitaani Aprili 1938 likiwa na tarehe ya Juni kwenye jalada. Juu ya jalada hilo mwanamume mwenye joho jekundu ameinua gari la kijani huku watu wakitimua mbio. Superman alikuwa amezaliwa.

Waliombuni walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Ohio: Jerry Siegel, aliyeandika hadithi, na Joe Shuster, aliyechora. Haki zote za mhusika huyo waliziuza kwa dola 130. Mwaka 2012, cheki iliyobeba malipo hayo iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Karatasi iliyowanyang'anya Superman imekuja kuthaminiwa mara elfu moja na zaidi ya pesa walizopewa kwa ajili yake, na kila anayesherehekea bei za leo anapaswa kuikumbuka hesabu hiyo.

Baada ya Superman wakaja wengine. Batman aliingia kupitia Detective Comics namba 27, toleo la Mei 1939. Spider-Man, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko, alitokea Agosti 1962 katika Amazing Fantasy namba 15, jarida ambalo mchapishaji alikuwa tayari ameamua kulifunga. Lile lilikuwa toleo lake la mwisho, likauzwa senti 12. Mwaka 2021 nakala yake mojawapo, safi kupita nyingi, ilinunuliwa kwa dola milioni 3.6.

Mwanzo una nguvu hiyo kwa sababu mhusika hufungua njia ambayo baadaye hupitiwa na filamu, vinyago, nguo na michezo ya watoto. Kadiri mhusika anavyoendelea kupendwa, ndivyo watu wanavyotaka kushika karatasi aliyotokea kwanza. Tangazo la filamu mpya linatosha kulipandisha bei toleo ambalo kwa miaka mingi halikuwa na mwenyewe. Kinyume chake, jarida la mwaka 1940 lenye shujaa aliyesahaulika linaweza kubaki rahisi ingawa limezeeka sawa na yale ya mamilioni.

Nakala zilizonusurika

Kanuni ya pili ni uhaba, nao hupimwa kwa nakala zilizobaki kuliko zilizochapishwa. Action Comics namba 1 ilichapishwa nakala zipatazo 200,000. Zinazokadiriwa kuwepo leo ni kama 100 tu. Zilizobaki zilikwenda wapi?

Nyingi zilisomwa hadi zikaisha. Zilikuwa mali ya watoto: zilikunjwa mfukoni, zikabadilishwa kwa gololi, zikaazimwa na zisirudi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na Wamarekani wakahimizwa kukusanya karatasi chakavu kwa ajili ya mahitaji ya vita. Katuni zikabebwa kwa mafungu.

Baada ya vita ikaja hofu. Wazazi, walimu na viongozi wa dini waliamini kwamba katuni zinawaharibu watoto. Mwaka 1948, huko Spencer, West Virginia, na huko Binghamton, New York, zilirundikwa na kuchomwa moto hadharani, watoto wakishuhudia. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichozihusisha katuni na uhalifu wa vijana, Baraza la Seneti likafanya vikao vya kuzijadili, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za maadili ili wasifungiwe. Nyumba ngapi zilisafishwa katuni mwaka ule hakuna aliyehesabu, ila kila nakala iliyotupwa iliongeza uzito wa ile iliyosahaulika darini.

Ushahidi wa kanuni hii ya uhaba ulijitokeza tena miaka ya 1990, safari hii kwa upande wa pili. Habari za bei kubwa zilikuwa zimeenea, na watu wakaanza kununua katuni mpya kama hisa. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilitoka kwa zaidi ya nakala milioni 8, ikiwa na majalada tofauti ili mnunuzi mmoja achukue yote. Mwishoni mwa mwaka 1992 likaja toleo la Superman namba 75, ambamo Superman anauawa. Liliuzwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na mamilioni ya nakala zilinunuliwa. Wengi hawakufungua hata mfuko. Waliuweka kabatini wakisubiri utajiri.

Utajiri haukuja. Kila mtu alikuwa na nakala hizo, tena katika hali nzuri, na kinachopatikana kwa wote si adimu. Maduka mengi ya katuni yalifungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Matoleo hayo bado yanapatikana leo kwa bei ya chakula cha mchana. Yalitunzwa vizuri mno, na watu wengi mno, kwa ajili ya pesa tupu.

Daraja, na nusu ya daraja

Kanuni ya tatu ni hali ya nakala. Tangu mwaka 1970, wakusanyaji wa Marekani wametumia mwongozo wa bei ulioanzishwa na Robert Overstreet, na tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC hupokea katuni, huzikagua, huzipa alama kuanzia 0.5 hadi 10 na kuzifunga ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Muuzaji na mnunuzi ambao hawajawahi kuonana wanaweza kukubaliana kwa sababu ya alama hiyo.

Uzito wake ulionekana mwaka 2010. Februari, nakala ya Action Comics namba 1 yenye alama 8.0 iliuzwa dola milioni 1. Mwezi uliofuata nakala nyingine ya toleo lilelile, yenye alama 8.5, ikauzwa dola milioni 1.5. Nusu alama ilikuwa nusu milioni.

Mkaguzi huangalia mgongo wa kitabu kama una mikunjo, kona kama zimepinda, na pini zilizoshika kurasa kama zimeshika kutu. Huangalia mng'ao wa wino na rangi ya karatasi. Katuni hizi zilichapwa kwenye karatasi hafifu ya magazeti, iliyotengenezwa kwa massa ya mbao yenye lignini. Kitu hicho kikikutana na hewa, mwanga na joto hugeuza karatasi kuwa ya njano, kisha ya kahawia, na hatimaye huifanya ivunjike ikiguswa. Ndiyo maana kurasa nyeupe katika jarida lenye umri wa miaka 80 huongeza bei: ni dalili kwamba kwa miaka yote hiyo halikupata joto, unyevu wala jua.

Ukamilifu nao una hesabu yake. Mwaka 1974, The Incredible Hulk namba 181 lilimleta shujaa Wolverine kwa hadithi yake ya kwanza kamili. Katika miaka hiyo Marvel ilikuwa ikichapisha stempu ndogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na watoto walihimizwa kuzikata na kuzibandika kwenye daftari maalumu. Maelfu walitii. Leo mnunuzi wa toleo hilo hufungua kwanza ukurasa wa barua, na akikuta tundu la mstatili, bei huporomoka.

Wapo wanaojaribu kurekebisha uharibifu kwa kupaka rangi palipochubuka, kupunguza kingo zilizochakaa au kubandika karatasi mpya. Kwa wakusanyaji, ukarabati usiotajwa ni udanganyifu, na hata uliotajwa hushusha thamani. CGC huweka lebo ya zambarau kwenye nakala zilizokarabatiwa ili asiwepo wa kudanganyika. Jeraha la kweli linaheshimiwa kuliko uzuri wa kughushi.

Nasaba ya mkusanyo

Jambo la nne ndilo linalotenganisha rundo la katuni na mkusanyo wenye jina: historia ya umiliki. Mfano mkubwa ni wa Edgar Church, mchoraji wa matangazo wa Denver, Colorado. Kwa miaka mingi alinunua katuni zilipotoka na kuziweka nyumbani pamoja na picha na michoro mingine aliyoihitaji kwa kazi yake. Alizipanga kwa marundo marefu, yaliyobanana kiasi kwamba hewa haikupenya. Hali ya hewa ya Denver, kavu na ya baridi, ikamsaidia.

Mwaka 1977 familia yake iliziuza kwa mfanyabiashara wa katuni Chuck Rozanski. Zilikuwa katuni kati ya 18,000 na 22,000, na nyingi zilikuwa kama zimetoka kiwandani. Mpaka leo, nakala ikithibitishwa kwamba imetoka kwa Church, mnunuzi huongeza pesa juu ya bei ya alama yake. Vivyo hivyo, nakala ya Action Comics namba 1 iliyouzwa dola milioni 6 mwaka 2024 ilitangazwa kwa fahari kuwa imetoka katika mkusanyo wa Kansas City.

Historia huongeza thamani hata inapokuwa chungu. Mwaka 2000 mwigizaji Nicolas Cage aliibiwa Action Comics namba 1 nyumbani kwake. Ilipatikana mwaka 2011 katika chumba cha kuhifadhia mizigo huko California, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikauzwa dola milioni 2.16. Alama yake ya 9.0 ilichangia, na safari yake pia.

Church hakuwa akicheza bahati nasibu. Yule mama wa California naye alihifadhi alichokipenda tangu enzi za ujana wake. Hakuna kati yao aliyekuwa akifuata soko, kwa kuwa soko lenyewe lilikuwa bado halijazaliwa. Uangalifu wao ulikuja kwanza, bei ikafuata baada ya miongo.

Makaratasi yetu je?

Afrika Mashariki inazo katuni zake, nazo zimepita njia ileile ya upotevu. Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miaka mingi kwa kisa cha Juha Kalulu. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Nairobi, mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe. Dar es Salaam ilikuwa na jarida la Sani, na vijana wa miaka ya 1980 walikuwa wakimfuatilia mhusika wake Kipepe kwa hamu toleo hadi toleo. Sehemu kubwa ya karatasi hizo iliishia kufungia maandazi na karanga, au ililiwa na mchwa.

Mwenye boksi la katuni za aina hiyo nyumbani hahitaji mashine wala pesa nyingi. Alitoe sakafuni na kuliepusha na ukuta wenye unyevu, hasa kama anaishi Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya bahari huotesha ukungu haraka. Asiache majarida juani. Asitumie gundi wala utepe wa plastiki kuziba palipochanika, kwa maana gundi hula karatasi na huacha doa lisilotoka. Ayasimamishe wima ndani ya mifuko ya poliesta, akiweka nyuma yake kadi isiyo na asidi. Aandike pembeni, kwenye karatasi tofauti, nani alinunua nini, wapi na lini, maana hiyo ndiyo nasaba. Na asikate chochote.

Huenda wanunuzi wa mamilioni hawatatokea kamwe, na hilo lisimzuie mtu. Katuni za Juha Kalulu, Chakubanga na Kipepe zimebeba mavazi yetu, nyumba zetu, lugha ya mitaani ya wakati huo na mambo tuliyothubutu kuyacheka. Maktaba, magazeti na familia zenye nakala hizo zianze kuzikusanya sasa, ziorodheshwe na zipigwe picha zingali zinasomeka. Tukingoja soko lituambie kwamba zina thamani, litakapotuambia hatutakuwa na nakala ya kuuza, wala ya kumsomea mjukuu.