Akiba ya mafuta porini: Lita chache zinazookoa mtaji

MFANYABIASHARA anayefuata asali, kuku, mbuzi au ufuta vijijini hupiga hesabu nyingi kabla ya kuondoka nyumbani. Hujua bei ya kununulia, bei ya kuuzia, ushuru wa mazao na posho ya utingo. Hesabu moja huachwa kwa dereva, naye huijibu kwa kutazama mshale wa tangi: lita ngapi za mafuta zitatosha kwenda na kurudi pale ambapo hakuna kituo cha mafuta?

Katika barabara kuu za lami swali hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa sheli zimejaa kila mji. Porini mambo ni tofauti. Gari likizimika kwa kukosa mafuta, kuku hufa kwa joto, mbuzi hupungua uzito na siku ya soko hupita. Asali haiozi, lakini mnunuzi aliyeahidi kuichukua Jumatatu huenda akawa amenunua kwa mwingine ifikapo Jumatano.

Mfano mzuri ni barabara inayoanzia Mkiwa mkoani Singida, kupitia Itigi, Noranga na Rungwa, hadi Makongolosi wilayani Chunya, mkoani Mbeya. Ina urefu wa kilomita 413, na kipande cha kutoka Noranga kwenda Makongolosi peke yake ni kilomita 356. Ni njia ya asali, mifugo na tumbaku, na sehemu yake hupita kwenye mapori ya Rungwa, ambako wanyama na mbung'o ni wengi kuliko watu. Mafuta yanayopatikana vijijini katika njia za aina hii mara nyingi ni yale ya chupa na vidumu, yasiyo na bei maalumu wala uhakika wa ubora. Mwenye busara hupanga safari yake kana kwamba hayapo kabisa.

Hesabu ya lami haifai porini

Kosa la kwanza la wengi ni kutumia hesabu ya lami kwenye vumbi, mchanga na tope. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja kwenye lami linaweza kushuka hadi kilomita sita au saba likiwa na mzigo kwenye njia mbovu. Sababu zinaeleweka. Dereva hukaa kwenye gia ndogo kwa muda mrefu, magurudumu husaga mchanga bila kusonga sana, na wakati wa masika hulazimika kuzunguka madimbwi na madaraja yaliyokatika. Akifunga gia ya kuendesha magurudumu yote manne, ulaji huongezeka tena.

Njia ya kujua ulaji halisi wa gari ni rahisi na haihitaji fundi. Jaza tangi mpaka shingoni, andika namba ya kilomita, kisha fanya safari ya kawaida ya kijijini ukiwa na mzigo. Ukirudi, jaza tena mpaka pale pale na usome lita zilizoingia. Ikiwa umekwenda kilomita 180 na zimeingia lita 30, gari lako linakwenda kilomita sita kwa lita. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari, si ile aliyokutajia aliyekuuzia gari.

Sasa chukulia pikapu ya dizeli yenye tangi la lita 70 inayopita njia ya Mkiwa hadi Makongolosi. Ukijumlisha michepuko ya kuingia vijijini kukusanya mzigo, safari inaweza kufika kilomita 480. Kwa hesabu ya lami ya kilomita 10 kwa lita, zinahitajika lita 48, na dereva ataondoka akiimba kwamba tangi linatosha na kubaki. Kwa hesabu ya porini ya kilomita sita kwa lita, zinahitajika lita 80. Hapo tangi limeshapungukiwa kabla ya safari kuanza.

Juu ya lita hizo 80 ongeza robo yake, yaani lita 20, kwa ajili ya kupotea njia, kukwama au kurudi nyuma baada ya kukuta mto umejaa. Jumla ni lita 100. Katika tangi la lita 70 usihesabu lita tano za mwisho, kwani ndipo uchafu na maji hutuama, na gari likiyumba pampu inaweza kuvuta hewa. Hivyo tangi linakupa lita 65, na zilizobaki 35 ni za kubeba pembeni. Madumu mawili ya lita 20, kila moja likijazwa lita 19, yanatosha.

Gharama ya kubeba na ya kutobeba

Baadhi ya wafanyabiashara hukwepa kubeba akiba kwa kuona kwamba fedha inalala. Ni kweli kwamba lita 38, kwa mfano wa bei ya Sh3,000 kwa lita, ni Sh114,000. Lakini fedha hiyo haijaliwa. Safari ikimalizika salama mafuta hayo humiminwa kwenye tangi na kuanza safari inayofuata. Gharama ya kweli ni bei ya vyombo, ambavyo hudumu miaka, na nafasi vinavyochukua kwenye bodi. Lita 38 za dizeli zina uzito wa kilo 32 hivi, karibu sawa na ndoo moja ya lita 20 ya asali, ambayo hufika kilo 28. Kwa nafasi, madumu mawili hula sehemu ya ndoo mbili.

Linganisha na siku ya kuishiwa. Bodaboda wa kufuata mafuta kilomita 50 kwenda na 50 kurudi anaweza kudai Sh60,000. Lita 20 za kwenye vidumu, zikiuzwa kwa nyongeza ya Sh1,000 kila lita, ni Sh20,000 zaidi. Chakula na posho ya watu wawili kwa siku mbili za kungoja ni Sh40,000. Jumla ni Sh120,000 zilizopotea moja kwa moja, bado hujahesabu kuku waliokufa au mnunuzi aliyeondoka. Kila mmoja aweke bei za kwake, lakini jibu litaelekea upande huo huo.

Tatizo la mafuta ya chupa si bei tu. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi, na tangu mwaka 2010 mafuta ya soko la ndani yamekuwa yakiwekewa vinasaba ili kuwabaini wanaoyachakachua. Ulinzi huo una maana kwenye kituo chenye leseni kinachotoa risiti. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa au maji huharibu pampu na nozeli, na matengenezo yake hula faida ya safari kadhaa.

Chombo kinachofaa

Wengi hutumia madumu ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kula. Ni rahisi na yanapatikana kila duka, lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya petroli. Plastiki yake ni nyembamba, mfuniko huvuja, na mtikisiko wa barabara mbovu hulisugua dumu mpaka litoboke. Kibaya zaidi, yanafanana na dumu la maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kuyatofautisha.

Chombo bora ni jerikeni la chuma au dumu la plastiki nzito lililotengenezwa mahususi kwa mafuta. Jerikeni la chuma la lita 20 lilibuniwa na Wajerumani katika miaka ya 1930 kwa matumizi ya jeshi, na lina mishikio mitatu ili mtu mmoja aweze kubeba matupu mawili kwa mkono mmoja, au watu wawili wabebe moja lililojaa. Umbo lake pia huacha nafasi ya hewa kwa juu.

Nafasi hiyo ina kazi. Petroli hutanuka kwa joto. Lita 20 zilizojazwa alfajiri, zikipanda joto kwa nyuzi 25 hadi mchana, huongezeka karibu nusu lita. Dumu lililojazwa pomoni litavimba, kisha litavuja mfunikoni. Ndiyo maana lita 19 zinatosha, na mfuniko hufunguliwa polepole ili mvuke utoke kwanza.

Wakati wa kujaza, dumu liwekwe chini ardhini, si juu ya bodi ya gari, na mdomo wa pampu uguse mdomo wa chombo. Umeme tuli unaojikusanya mafuta yanapomiminika unaweza kutoa cheche. Andika kwa rangi jina la mafuta yaliyomo, na dumu la dizeli lisitumike kamwe kwa maji.

Petroli si mzigo kama mzigo mwingine

Dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ili itoe mvuke wa kushika moto. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali, na kwa kuwa mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya kwenye bodi au ndani ya kabati ya dereva. Taifa halijasahau Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli kupinduka na kulipuka huku watu wakichota mafuta.

Kwa hiyo dumu la petroli halikai ndani ya kabati, na abiria hawakalii juu yake. Likae wima, chini ya bodi na mbele ya ekseli ya nyuma, limefungwa kwa kamba imara na kufunikwa lisipigwe na jua. Lisiwe karibu na ekzosi wala betri. Juu ya keria huongeza hatari ya gari kupinduka, na kwenye bampa ya nyuma ndiko litakakogongwa kwanza. Litengwe pia na asali na mazao mengine ya chakula, kwani harufu ya mafuta ikiingia kwenye ndoo moja, mnunuzi hukataa mzigo wote. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe mahali unapofikika haraka.

Namna ya kumimina nayo ina madhara yake. Utingo wengi hunyonya mafuta kwa mdomo kupitia mpira. Tone likipita njia ya hewa huunguza mapafu na linaweza kuua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, bali awahishwe hospitali. Pampu ndogo ya kubinya kwa mkono au faneli yenye chujio jembamba hugharimu kidogo kuliko matibabu.

Usingoje tangi likauke. Lita 20 zikishatumika, tafuta mahali wazi mchana, zima injini, iache ipoe, kisha mimina dumu la kwanza. Injini ya dizeli iliyokauka huvuta hewa, na hata ukiijaza haitawaka mpaka hewa itolewe kwenye mfumo, kazi isiyopendeza gizani katikati ya pori.

Mwisho, wanaosafiri kwa msafara wa magari mawili yanayotumia mafuta ya aina moja wanaweza kuchangia akiba na kupunguza mzigo. Lakini kubeba mafuta ya safari yako ni jambo moja, na kuyauza njiani bila leseni ni kosa kisheria.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya petroli huchakaa ikikaa miezi mingi, hivyo imiminwe kwenye tangi kila safari inapoisha, na dumu lijazwe upya siku ya kuondoka, baada ya kufungua daftari na kuhesabu kilomita za safari mpya.