Dubu amefika Rubaya?

Ndugu wachimbaji, kwenye karatasi ya bei za madini, ya Kiingereza, tulikuta «soko la dubu». Tukacheka. Dume la ng'ombe tunalijua, Masisi imejaa: linarusha pembe juu, ndiyo soko likipanda. Lakini dubu? Huku hayuko.

Maana yake ni soko lenye bei inayozidi kushuka. Karne ya 18, kule London, wachuuzi wa dubu waliuza kitu ambacho hawajakipata bado, wakingoja kishuke bei ndipo wakinunue. Hasara ya wengine, faida yao.

Koltani ilipanda sana mwaka 2000. 2001 ikaanguka, na mwenye kushuka shimoni ndiye aliumia.

Basi mnunuzi akisema soko limeanguka, mumuulize pia asilimia ya tantali. Bei ya dunia inashuka. Asilimia ya jiwe lako haishuki nayo.