Mionzi ya Gama na Kiini cha Haidrojeni Nzito

Leo tutajifunza jinsi mionzi ya gama ivunjavyo kiini cha atomi.

Ninyi mkaao Upanga mwaijua hospitali ya Ocean Road, kando ya bahari. Huko wagonjwa wengi wa saratani wametibiwa kwa mionzi ya gama itokayo katika kobalti. Mgonjwa arudipo nyumbani, wako waogopao kula naye sahani moja, wakidhani kuwa mwili wake sasa watoa mionzi. Je, hofu hiyo ni ya kweli? Tutazame.

Kila kitu kimejengwa kwa atomi, na katikati ya atomi mna kiini. Kiini cha haidrojeni nzito ni chepesi sana: kina protoni moja na nyutroni moja tu, zimeshikamana. Haidrojeni hiyo imo kidogo katika maji ya bahari, hata katika miili yetu.

Mwaka 1934, huko Cambridge, Uingereza, James Chadwick na Maurice Goldhaber walikipiga kiini hicho kwa mionzi ya gama ya jamii ya thoriamu. Kikavunjika, protoni huku, nyutroni kule.

Je, kobalti nayo yaweza? Fikirini soko la Kariakoo. Kitu kinauzwa shilingi 22, bei haipungui, wala wateja hawaruhusiwi kuchangiana. Mwenye shilingi 26 atanunua. Wenye shilingi 13, hata wakija elfu, watarudi mikono mitupu. Ndivyo ilivyo hapa. Kuvunja kiini hiki kwahitaji elektronivolti milioni 2.2 kwa pigo moja. Thoriamu hutoa milioni 2.6, kobalti haipiti milioni 1.3 na kidogo.

Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wataalamu wamevunja viini vyepesi kwa mionzi itikisikayo upande mmoja tu, kama kamba itikiswayo juu na chini. Hutazama vipande vyaruka upande gani, wapate kuijua nguvu iliyovishikamanisha.

Basi, mionzi ya kobalti huua chembe hai za saratani, lakini haivunji viini vya atomi za mwili. Mashine ya kobalti ikifungwa, hakuna mionzi ibakiyo kwa mgonjwa. Dawa ya mionzi inywewayo au iwekwayo mwilini ni jambo jingine: hapo mfuateni daktari.

Zoezi. Andikeni katika madaftari: “Aliyepigwa mionzi ya kobalti si wa kuogopwa. Tule naye.” Kwaherini.