Kutoka kiboko cha farasi hadi fimbo ya Katanga: nani alihesabu mapigo?

KOLWEZI – Tarehe 15 Oktoba 2011, kwenye uwanja wa Ascot nchini Uingereza, mpanda farasi Mbelgiji Christophe Soumillon alishinda mbio kubwa za Champion Stakes akiwa juu ya farasi wa Ufaransa aitwaye Cirrus des Aigles. Furaha yake haikudumu. Wasimamizi walirudia video, wakahesabu, na kukuta kwamba katika mita 200 hivi za mwisho alimpiga farasi mara 6. Sheria mpya, iliyokuwa na siku chache tu tangu ianze kutumika, iliruhusu mara 5. Kwa pigo hilo moja la ziada alifungiwa siku 5 na kunyimwa mgawo wake wa zawadi, zaidi ya pauni 50,000.

Baadaye sheria ililegezwa na pesa zake akarudishiwa. Lakini mtu aliyezaliwa Katanga hawezi kusikia habari ya Mbelgiji aliyeadhibiwa kwa pigo moja la ziada bila kukumbuka fimbo nyingine, ile ambayo babu zetu waliisimulia jioni kwa sauti ya chini.

Tuanze na farasi wenyewe, maana hapa Kolwezi wengi wetu tunawaona kwenye skrini tu. Kuna mbio ambazo mtu hupanda mgongoni, kama hizo za Ascot. Kuna na nyingine ambazo farasi hukimbia kwa mwendo wa troti, akivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili. Dereva huketi nyuma yake, ameshika hatamu na kiboko kirefu. Huko Ufaransa uwanja mashuhuri wa mbio hizo ni Vincennes, mjini Paris, na mbio zake kubwa ni Prix d'Amérique, zilizoanzishwa mwaka 1920.

Dereva anayezidisha kiboko huadhibiwa: hutozwa faini au husimamishwa kwa siku kadhaa. Kila nchi ina kipimo chake. Norwe ilianza kukataza kiboko kwenye mbio tangu miaka ya 1980. Australia ilitangaza mwishoni mwa 2016 kwamba madereva wa vigari wataacha kiboko kabisa kuanzia Septemba 2017, kisha wakubwa wa mchezo wakarudi nyuma kabla ya tarehe kufika. Kilichobaki ni kanuni ya mkono: dereva ashike hatamu kwa mikono yote miwili, na kiboko kitikiswe kwa kiganja tu, bila kuinua mkono mzima.

Tatizo la adhabu hizo linaonekana wazi. Mwezi Aprili mwaka huohuo wa 2011, Jason Maguire alishinda Grand National ya Uingereza juu ya farasi Ballabriggs. Alifungiwa siku 5 kwa kuzidisha kiboko, lakini ushindi ukabaki wake. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, faini ya namna hiyo ni gharama ya kazi, kama mafuta ya gari. Ndiyo maana mwaka 2023 Waingereza waliongeza ukali: kwenye mbio zisizo na vizuizi mpanda farasi anaruhusiwa kupiga mara 6, na akizidisha mara 4 au zaidi juu ya hapo, farasi wake anaondolewa kwenye matokeo. Mwenye farasi naye anapoteza.

Kuna pia walioamua kupima kama kiboko kinasaidia kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa mbio ulioonyesha kwamba kumpiga farasi katika mita 400 za mwisho hakukubadilisha matokeo. Mwaka 2020 wengine wa chuo hichohicho walilinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu kwa darubini. Hawakuona tofauti kubwa katika mishipa inayopeleka maumivu.

Sasa turudi kwetu. Wakoloni walipofika Katanga, farasi hawakuweza kuwasaidia. Mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu, huua pia farasi na ng'ombe. Kwa hiyo mzigo ulikaa juu ya kichwa cha mtu. Chakula, bunduki, vyuma vya mashini, vyote vilibebwa na wapagazi, na Mzungu mwenyewe alibebwa kwenye kipoyi. Aliyevuta na kubeba alikuwa mtu, na nyuma yake alitembea mwenye fimbo.

Neno lenyewe la Kiswahili linasema kila kitu. Kiboko ni mnyama wa mtoni, na kiboko ni mjeledi, kwa sababu mjeledi huo ulikatwa kutoka ngozi ya mnyama huyo. Wabelgiji waliuita chicotte, sisi tukauita fimbo. Ngozi mbichi ilikaushwa juani, ikakatwa kuwa ukanda mrefu uliojipinda wenye makali pembeni. Upande wa pili wa Tanganyika, Wajerumani walipewa jina la hamsa ishirini, yaani 25, kutokana na idadi ya viboko ambayo amri yao ya mwaka 1896 iliruhusu kwa mara moja.

Hata kule jirani, Nairobi, iko kesi inayofanana sana na ya dereva wa kigari, isipokuwa aliyekuwa kati ya mikono ya kigari alikuwa mtu. Mwezi Machi 1907, mlowezi Ewart Grogan aliwachapa kiboko hadharani, mbele ya mahakama, wanaume watatu Wakikuyu waliokuwa wakivuta rikisho. Kosa walilodaiwa kufanya ni kuwakosea adabu wanawake Wazungu waliokuwa wamepanda. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 500. Mwezi huo aliumaliza katika nyumba mlimani, si katika jela ya kawaida, na maisha yake ya mwenye mali yakaendelea kama kawaida.

Kongo ya Mfalme Léopold II ilikuwa na hakimu mmoja, Stanislas Lefranc, aliyejaribu kufanya kazi ya msimamizi wa mbio. Alikuwa Mbelgiji, Mkatoliki na mpenda mfalme, hakuwa mpinzani wa ukoloni. Huko Léopoldville alisikia vilio, akaenda, akakuta watoto kama 30 wanachapwa kwa sababu baadhi yao walicheka mbele ya Mzungu. Wote walikuwa wamehukumiwa viboko 50 kila mmoja, sehemu ya pili ikingoja saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Alifaulu kuisimamisha hiyo sehemu ya pili. Kisha yeye ndiye aliyeonywa: asilete tena malalamiko yanayoharibu nidhamu. Lefranc aliandika pia kwamba aliyemaliza kuchapwa na bado anaweza kusimama alitakiwa kupiga saluti.

Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908 haikuitupa fimbo. Iliipa kipimo. Kutoka viboko 12, sheria ilishuka hadi 8 mwaka 1933, ikashuka tena hadi 4 mwaka 1951, na fimbo ikafutwa mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Kwa hiyo siku nyumba za kwanza zinajengwa hapa, kipimo halali cha mtu mweusi kilikuwa viboko 8. Farasi wa Uingereza leo ana 6.

Viongozi wa wakati ule walijisifu kwamba namba inapungua, na ni kweli ilipungua. Lakini kila toleo la sheria lilirudia kuruhusu. Waliosema bila fimbo hakuna atakayefanya kazi walisema hivyo wakati wa 12, wa 8 na wa 4, kama vile leo baadhi ya madereva wa vigari wanavyosema farasi hatakimbia. Mwaka 1948 ilitolewa kadi ya sifa ya uraia kwa Wakongo walioonekana wamestaarabika, na faida yake mojawapo ilikuwa kutochapwa. Kutochapwa kulihitaji cheti.

Wachoraji wa Katanga hawakusahau. Picha za Tshibumba Kanda Matulu na wenzake zenye jina la Colonie belge zilitundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za wafanyakazi miaka ya 1970: mfungwa amelala chini, askari mweusi ameinua fimbo, Mzungu amesimama pembeni akitazama. Ukiitazama vizuri picha hiyo utaona kwamba anayeamuru hatoki jasho.

Na leo? Mwezi Novemba 2021, shirika RAID la Uingereza na CAJJ, kituo cha msaada wa sheria cha hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya migodi mikubwa mitano ya shaba na kobalti. Walikuwa wamezungumza na wafanyakazi zaidi ya 100. Wengi wao walilalamikia mshahara na mikataba ya kupitia kampuni za kukodisha watu. Lakini kulikuwa pia na waliosema walipigwa makofi, mateke na hata fimbo na wasimamizi wao. Miaka zaidi ya 60 baada ya 1959.

Safari hii hakuna kipimo cha kubishania. Kifungu cha 46 cha kanuni ya adhabu kinampa anayempiga mtu kwa makusudi kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, pamoja na faini. Kanuni hiyo, ajabu, ni ya Januari 1940, maana yake ilikaa kwenye kabati moja na sheria ya fimbo kwa karibu miaka 20. Kwa watumishi wa serikali, wakiwemo askari na polisi, kuna pia sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 inayofanya mateso kuwa jinai.

Kwenye mbio, kesi huanza na video na mtu aliyelipwa kuitazama. Kwenye kariere video zipo, maana kila kijana ana simu mfukoni, lakini anayepiga picha anaogopa kupoteza kazi kesho yake. Aliyepigwa kazini anaweza kupeleka malalamiko kwa inspection du travail au moja kwa moja kwa parquet. Akienda, achukue karatasi ya daktari ya siku ileile, aandike saa na mahali, na majina ya wenzake walioona.