Hussein Hegazi, Mchezaji Aliyekumbuka Fadhila

Mama mmoja wa Migori ametuandikia akitaka shauri. Mwanawe wa kiume anasakata kandanda katika timu ndogo ya mtaani, na klabu kubwa ya Nairobi imemtaka. Mwalimu aliyemlea tangu utotoni, akamnunulia viatu vyake vya kwanza, amehuzunika. Mama hajui amwambie mwanawe nini.

Swali hili limo katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, kwani huko mpira si wa kupitishia alasiri tu. Mwaka 2006 SoNy Sugar, timu ya kampuni ya sukari ya Awendo, ilitwaa ubingwa wa Kenya na kuziacha nyuma klabu zote za miji mikubwa. Tangu hapo, nani asiyejua kwamba vipaji vimo huko?

Jibu tumelipata mbali kidogo, London ya mwaka 1911. Mwaka huo kijana wa Kimisri, Hussein Hegazi, alifika Uingereza kwa ajili ya masomo. Nchi yake ilikuwa chini ya majeshi ya Waingereza, naye akaingia uwanjani mwao na mchezo wao wenyewe. Alijiunga na Dulwich Hamlet, klabu ya ridhaa ya kusini mwa London, ambako hakuna aliyelipwa hata senti. Mashabiki walimpenda wakampachika jina la Nebukadneza, ingawa mfalme huyo alikuwa wa Babeli, wala si wa Misri. Mapenzi hayana ramani.

Haukupita muda Fulham, timu ya kulipwa iliyokuwa katika daraja la pili la ligi ya Uingereza, ikamwita. Mwezi wa Novemba 1911 alicheza dhidi ya Stockport County, akafunga bao, na Fulham ikashinda 3-1. Mlango ulikuwa wazi. Kisha Pa Wilson, muasisi wa Dulwich Hamlet, akaenda kumwona. Hegazi alikiri kwamba moyo wake uligawanyika: alitamani ligi kubwa, lakini watu wa Dulwich walimtendea wema alipokuwa mgeni asiyejulikana. Akabaki nao. Mechi ile ikawa ya kwanza na ya mwisho kwake katika ligi ya Uingereza.

Je, alipoteza? Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge na kukichezea. Kisha alirejea kwao, na mwaka 1920 akaiongoza Misri, akiwa nahodha, katika Michezo ya Olimpiki mjini Antwerp. Ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki kandanda ya Olimpiki. Walifungwa na Italia 2-1, kipigo kisicho cha aibu. Miaka minne baadaye, mjini Paris, Hegazi akiwa nahodha tena na mmoja wa wafungaji, Misri iliwashinda Wahungari 3-0. Hungaria ya siku hizo haikuwa timu ya kuchezewa. Ni kweli Waswidi waliwafunga 5-0 katika mechi iliyofuata, lakini Cairo haikuisahau ile ya kwanza.

Hata hivyo, mama, usidhani tunakuambia umfunge mwanao kwenye jezi moja. Hegazi huyo huyo, aliporudi nyumbani, alihama kati ya Al Ahly na klabu ya Mukhtalat, ambayo leo ni Zamalek, zaidi ya mara moja, na mahasimu hao wawili wote wanamhesabu kuwa wao. Kuhama si dhambi. Kinachotusumbua ni vijana wanaopanda basi la usiku, na mwalimu akapata habari kwa majirani.

Mwache aende, ikiwa masomo yake yatalindwa na mkataba umesomwa na mtu anayeuelewa. Lakini kabla ya safari, aende mwenyewe kwa mwalimu wake, amwamkie, aketi naye, amweleze kwa kinywa chake. Nawe mfuate, umchukulie mzee yule chochote kilichopikwa siku hiyo.